Deni Lisilotajwa: Muziki wa Filamu, Wizi na Kanuni ya Mwenye Nguvu

Wiki tatu zilizopita nilimwita ofisini mwanafunzi wa mwaka wa tatu kwa jambo zito. Sura ya pili ya andiko lake la utafiti ilikuwa, karibu yote, sura ya mtu mwingine. Hakuwa amekopa wazo. Alikuwa amehamisha aya nzima nzima, pamoja na koma na makosa ya uchapaji ya mwenyewe. Nilitarajia machozi, au ile hadithi maarufu ya kompyuta iliyoibiwa. Badala yake alitoa simu mfukoni, akaniomba dakika tano, akanisikilizisha vipande viwili vya muziki. Cha kwanza kilikuwa "Mars", sehemu ya kwanza ya kazi ya okestra iitwayo The Planets, ambayo Mwingereza Gustav Holst alianza kuitunga mwaka 1914. Cha pili kilitoka katika muziki wa vita wa filamu ya Gladiator ya mwaka 2000, uliotungwa na Hans Zimmer. Vipande vilipokwisha akaiweka simu mezani na kuniuliza: "Mwalimu, huyu naye mbona hakupewa sifuri?"

Nakiri, ndugu msomaji, kwamba sikuwa na jibu la papo hapo. Ningeweza kumwambia kuwa kosa la mwingine halihalalishi la kwako, na ningekuwa nimesema kweli. Lakini hilo ni jibu la mtu anayekimbia swali. Kijana aligusa jambo ambalo sisi tulio kwenye taaluma, na wenzetu walio katika sanaa na katika utumishi wa umma, tumelifunika kwa muda mrefu. Tuna sheria kali kwa mnyonge anayenakili, na tuna msamiati mtamu kwa mkubwa anayenakili. Wa kwanza tunamwita mwizi. Wa pili tunasema "ameathiriwa".

Nimeamua kulijibu swali hilo hapa hadharani, kwa mifano ya muziki wa filamu aliyoichagua yeye mwenyewe, kwa kuwa katika fani hiyo mambo yako wazi kuliko kwingine. Hoja yangu ni moja. Kufanana kwa noti si kipimo cha wizi. Wizi unapimwa kwa deni: je, aliyechukua amelitaja, na je, aliyechukuliwa ana nguvu ya kulidai?

Kabla ya kuendelea niwaondoe njiani watu wa kambi mbili. Kambi ya kwanza husema hakuna jipya chini ya jua. Noti za muziki wa Kimagharibi ni kumi na mbili tu, basi lazima zigongane. Kambi ya pili hukesha mitandaoni ikilinganisha sekunde tano za filamu hii na sekunde tano za filamu ile, na kila kinachofanana hupigiwa kelele za mwizi. Kambi hizi hudhani zinapingana, kumbe ni ndugu wa tumbo moja: zote zinasikiliza noti na hakuna inayotazama watu. Ya kwanza inamwachia huru kila mtu, hata mwizi. Ya pili inamtia hatiani kila mtu, na wote wakiwa na hatia mwizi wa kweli anapata pa kujificha.

Tuanze na namna kufanana huko kunavyozalishwa, maana hakuanguki kutoka mbinguni. Filamu inapokatwa na kuunganishwa, mhariri na mwongozaji hawapendi kuitazama ikiwa bubu, na wakati huo mtunzi aghalabu hajaandika hata noti moja. Basi hubandika juu ya picha muziki uliopo tayari: kipande cha filamu ya mwaka juzi, simfonia ya karne iliyopita, wimbo uliovuma redioni. Wenye kazi yao huuita muziki wa muda. Kwa miezi kadhaa mwongozaji hulitazama tukio lile lile na muziki ule ule, mara kwa mara, mpaka sikio lake linakataa kingine. Picha nazo hukatwa zifuate mapigo yake. Mtunzi anapoajiriwa, mara nyingi akiwa mtu wa mwisho kufika na wiki chache mkononi, haambiwi "tunga". Huambiwa "nataka kitu kama hiki". Akileta kisichofanana, kinakataliwa. Akileta kinachofanana, anaitwa mwizi.

Mwaka 1968 Stanley Kubrick aliifuata njia hii hadi mwisho. Katika filamu ya 2001: A Space Odyssey alimwajiri Alex North, mtunzi mwenye heshima kubwa Hollywood, na North akatunga na kurekodi muziki wake. Kubrick akautupa, akabaki na ule wa muda: Richard Strauss, Johann Strauss, Ligeti, Khachaturian. North aligundua kwamba kazi yake haimo pale alipokwenda kuitazama filamu iliyokamilika. Wapenzi wa filamu huisimulia hadithi hii kama ushahidi wa kipaji cha Kubrick, na mimi sikatai kwamba filamu ile ni adhimu. Lakini mtunzi yeyote aliyekuja baada ya North alijifunza somo lake: muziki wa muda una nguvu kuliko wewe, basi usishindane nao.

Kesi ya Ghostbusters ya mwaka 1984 inalionesha somo hilo likizaa matunda. Watengenezaji wa filamu ile walikuwa wameutumia wimbo wa Huey Lewis, "I Want a New Drug", kama muziki wa muda. Kisha Ray Parker Jr. akatakiwa kuandika wimbo wa filamu. Wimbo aliouandika ulivuma dunia nzima, na Lewis akaenda mahakamani akidai ni wimbo wake uliovalishwa shati jingine. Mwaka 1985 walimalizana nje ya mahakama. Mwaka 2001 Lewis alipolizungumzia suala hilo katika kipindi cha televisheni, Parker naye akamshtaki kwa kuvunja siri ya makubaliano yao. Hebu litafakari hilo. Mlalamikaji wa kwanza akageuka mshtakiwa, na kosa lake ni kusema. Fedha zilizolipwa zilinunua ukimya, na ukimya ndio bidhaa ghali kuliko zote katika biashara hii.

Tazama pia kisa cha filamu ya 300 ya mwaka 2007. Muziki wake uliandikwa na Tyler Bates. Wasikilizaji waliogundua kwamba baadhi ya vipande vyake vinafanana mno na ule ambao Elliot Goldenthal aliutunga kwa ajili ya filamu ya Titus ya mwaka 1999 hawakuwa wanaota. Kampuni ya Warner Bros. ilitoa taarifa ya kukiri kwamba vipande kadhaa vilitokana na kazi ya Goldenthal, ikaongeza kwamba hayo yalifanyika bila yenyewe kujua wala kushiriki, na kwamba suala limemalizwa kwa amani.

Bila yenyewe kujua! Sina ushahidi wa kuwaita waongo, na siwaiti hivyo. Ninachosema ni kwamba neno "hatukujua" ni kinga ya mkubwa tu. Kwa kawaida ya tasnia ile, muziki wa filamu ni kazi ya kuajiriwa: kwa sheria ya Marekani mmiliki wake ni kampuni, si aliyeuandika. Muziki unapoleta faida, mwenye mali ni kampuni. Unapoleta aibu, mwenye mali ghafla ni mtunzi peke yake. Mtumishi wa umma anayesoma makala haya anaujua mchezo huo vizuri. Bosi anasema: "Niandalie mpango mkakati kama ule wa taasisi fulani, uwe mezani Ijumaa." Ijumaa inafika, jina la taasisi limebadilishwa, kurasa nyingine ni zile zile. Mpango ukisifiwa, ni wa bosi. Ukiumbuliwa, ni wa afisa aliyeuandaa.

Je, nataka kusema kwamba kila mtunzi anayemfuata mwingine ameiba? Hasha. Hapo ndipo sisi watu wa Kiswahili tuna jambo la kuifundisha dunia, laiti tungelikumbuka.

Katika ushairi wetu bahari ni mali ya wote. Anayetunga utenzi wenye mizani nane hadaiwi na yeyote, na mshairi anayemjibu mwenzake katika malumbano hutumia vina vile vile vya mpinzani wake, tena kwa makusudi, ili kila msikilizaji ajue anajibu nini. Tena tunayo takhmisa. Mshairi huchukua beti za mtangulizi wake na kuongeza mishororo yake mwenyewe mpaka kila ubeti uwe na mishororo mitano. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alifanya hivyo kwa shairi linalonasibishwa na Liyongo, na kazi yake tunaijua hadi leo kwa jina la Takhmisa ya Liyongo. Tazameni adabu iliyomo humo! Jina la anayedai limewekwa kwenye mlango wa nyumba. Sayyid Abdalla hakupungukiwa kitu kwa kumtaja Liyongo. Alionesha kwamba anastahili kukaa naye kwenye jamvi moja.

Kwa kipimo hicho, muziki wa Star Wars wa mwaka 1977 haunisumbui hata kidogo. Wajuzi wameonesha kwa miaka mingi jinsi lahani kuu ya John Williams ilivyo jirani na ile ya Erich Wolfgang Korngold katika filamu ya Kings Row ya mwaka 1942, na jinsi vishindo vyake vya vita vinavyomkumbuka Holst, yule yule wa "Mars". Lakini George Lucas hakuficha kwamba alitaka muziki wa okestra wa zama za Korngold, na ujirani huo umejadiliwa bila kificho kwa miongo mingi. Juu ya msingi huo Williams alijenga jumba lake, lenye vyumba ambavyo Korngold hakuvijua. Hiyo ni takhmisa. Holst huyo huyo akaja kuibuka tena katika Gladiator, na mwaka 2006 taasisi inayosimamia urithi wake ilimtuhumu Zimmer kwa kuvunja hakimiliki. Mimi si hakimu wa shauri hilo. Nalitaja ili mwanafunzi wangu aone kwamba chemchemi moja inaweza kunywewa kwa namna mbili tofauti, na kwamba hata mkubwa akinywa, mwenye chemchemi anaweza kubisha hodi, mradi awe na wakili.

Wala kujirudia si wizi. Marehemu James Horner alikuwa na vinoti vyake vinne vya hatari, na vinoti hivyo vilisafiri naye kutoka filamu moja hadi nyingine: Willow, Enemy at the Gates, Troy, Avatar. Watu walimcheka, naye aliendelea navyo. Kwangu hilo ni sawa na fundi mwenye sahihi yake. Lakini Horner huyo huyo, katika filamu ya Honey, I Shrunk the Kids ya mwaka 1989, alitumia muziki wa Raymond Scott uitwao "Powerhouse", wa mwaka 1937, bila jina la Scott kuonekana popote, na ikabidi upande wa Scott ulipwe nje ya mahakama. Mtu ni yule yule, na kalamu ni ile ile. Katika jambo la kwanza hakuna anayedai. Katika la pili yupo.

Ukitaka kuona jinsi wakubwa wenyewe walivyochanganyikiwa, soma kisa cha Nino Rota. Muziki wake wa The Godfather uliteuliwa kuwania Oscar, kisha uteuzi ukafutwa, kwa kuwa lahani yake moja aliwahi kuitumia mwenyewe katika filamu ya Kiitaliano ya Fortunella ya mwaka 1958. Mzee wa watu alitiwa hatiani kwa kujiibia. Na tuzo ya mwaka ule ilikwenda wapi? Ilikwenda kwa muziki wa Limelight, filamu ya Charles Chaplin ya mwaka 1952, kwa sababu ya kikanuni tu kwamba filamu hiyo haikuwa imeoneshwa Los Angeles hadi mwaka 1972. Yaani muziki uliotumiwa tena ulikataliwa kwa kukosa upya, na muziki wa miaka ishirini ukatuzwa kama mpya. Miaka miwili baadaye Rota, pamoja na Carmine Coppola, alipewa Oscar kwa The Godfather Part II, filamu iliyobeba tena lahani za ile ya kwanza. Ama kweli kanuni isiyo na falsafa ni kichekesho.

Na kanuni kali kupita kiasi ni hatari zaidi ya kichekesho. Mwaka 2015 juri moja huko Los Angeles liliamua kwamba Robin Thicke na Pharrell Williams, katika "Blurred Lines", walikiuka haki za warithi wa Marvin Gaye. Waliopinga uamuzi ule walisema kilicholindwa si lahani bali mahadhi na hisia za zama fulani. Wimbo ule haukuwa wa filamu, lakini woga uliozaliwa na hukumu ile haukubagua fani. Wanaoshangilia hukumu za namna hiyo wajiulize: mahadhi yakiwa mali ya mtu, nani atayanunua yote? Si kijana wa Temeke wala wa Kibera. Atayanunua mwenye kampuni na ofisi ya mawakili. Siku hiyo mtoto wa Mwafrika atalipia kodi kwa kupiga ngoma ya babu yake.

Msidhani natia chumvi. Mwaka 1939, jijini Johannesburg, Mzulu mmoja aitwaye Solomon Linda aliingia studio na kundi lake la Evening Birds, wakarekodi wimbo wa "Mbube", yaani Simba. Haki za wimbo aliziuza kwa shilingi chache. Wimbo ule ulivuka bahari. Katika miaka ya 1950 ukawa "Wimoweh" vinywani mwa Wamarekani; mwaka 1961 ukavishwa maneno mapya ya Kiingereza na kuwa "The Lion Sleeps Tonight", na majina yaliyoandikwa chini yake kama watunzi hayakuwa la Linda. Linda alifariki mwaka 1962, fukara. Mwaka 1994 kampuni ya Disney iliutia wimbo huo katika filamu ya The Lion King, na watoto wa dunia nzima wakauimba.

Binti zake walikwenda mahakamani mwaka 2004. Silaha iliyowafaa, ajabu ya Mungu, ilikuwa sheria ya hakimiliki ya Dola ya Uingereza ya mwaka 1911, sheria ya mkoloni, iliyosema kwamba haki zilizouzwa na mtunzi hurejea kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Mwaka 2006 shauri lilimalizwa kwa makubaliano, jina la Linda likatambuliwa na familia ikaahidiwa malipo. Hesabu miaka, ndugu msomaji: tangu 1939 hadi 2006 ni miaka 67. Goldenthal alisubiri miezi michache tu kupata ukiri wa kampuni. Tofauti hiyo haimo kwenye noti. Imo kwenye pasipoti, kwenye pochi na kwenye rangi ya ngozi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaharakati wenzangu wanaodhani tatizo hili litakwisha kwa kuongeza ukali wa sheria. Sheria ilikuwepo siku zote Linda alipokuwa hai. Alichokosa ni jina lake kwenye karatasi na mtu wa kumsomea karatasi ile.

Jina. Hapo kuna kidonda kingine cha Hollywood kisichosemwa sana. Mitindo ya filamu nyingi za leo inafanana kwa sababu nyingine ya wazi: watunzi wake wametoka jiko moja. Katika studio ya Zimmer iliyopo Santa Monica, California, wamepita watunzi wengi ambao leo ni majina makubwa, akiwemo Ramin Djawadi aliyetunga muziki wa tamthilia ya Game of Thrones. Muziki wa Pirates of the Caribbean wa mwaka 2003 uliandikwa kwa haraka na kundi la watunzi wa jiko hilo, huku jina kuu likiwa la Klaus Badelt. Kufunzana namna hii ni jambo jema. Fundi seremala wa Zanzibar naye hakujifunza kuchonga mlango kwa kusoma kitabu. Zimmer mwenyewe anafahamika kwa kuwataja wasaidizi wake. Lakini fani ile ina waandishi hewa wengi wasiotajwa kabisa, wanaoandika dakika nyingi za muziki wa filamu na televisheni na kumwachia mkubwa jina na tuzo. Sikio la mtazamaji linaposema "huyu anamwiga yule", wakati mwingine huyu na yule wameandikiwa na kijana mmoja ambaye jina lake halimo popote.

Nilipofika hapa katika tafakuri yangu, kalamu iligoma. Miaka michache iliyopita niliongoza utafiti ambao data zake zilikusanywa na wanafunzi wawili wa uzamili. Rasimu ya kwanza ya sura moja iliandikwa na mmoja wao. Mimi niliipunguza, nikaisahihisha, nikaipa kichwa kipya. Ripoti ilipotoka, majina ya jaladani yalikuwa langu na la mwenzangu. Wale vijana walikuwa ndani, ukurasa wa shukurani, kwa neno moja: "wasaidizi". Hakuna kanuni niliyoivunja. Ndivyo wakubwa wangu walivyonifanyia, nami nikaona ni kawaida ya kazi. Nyani haoni kundule. Nimemwandikia mchapishaji kuomba majina yao yaongezwe katika toleo la mtandaoni, na nimewaandikia wao pia. Mmoja amejibu kwa maneno mawili: "Asante, Mwalimu." Maneno mawili hayo yamenikosesha raha kuliko matusi.

Nasi huku pwani tusijifanye malaika. Taarab ya Mombasa na Unguja imekula kutoka sahani ya filamu za Kihindi kwa miongo mingi. Marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo alipendwa mno kwa nyimbo zilizopakiwa katika lahani za filamu hizo, nyingi zikiwa na mashairi mazito ya Ustadh Ahmad Nassir. Nitamtetea Bhalo kwa jambo moja: hakumdanganya mtu. Waliokuwa wakimsikiliza ndio hao hao waliojaa kwenye majumba ya sinema, na utamu wenyewe ulikuwa katika kuitambua lahani ya Bombay ikisema Kiswahili cha Mvita. Ilikuwa takhmisa ya masikio. Lakini sitasema kwamba watunzi wa kule India walilipwa au walitajwa kwenye lebo za kanda, maana hiyo ingekuwa kutumia mizani mbili. Ukitaka Disney imtaje Linda, kubali na wewe kumtaja jirani yako wa ng'ambo ya bahari.

Vivyo hivyo tulipogundua kwamba Disney imesajili maneno "Hakuna Matata" kama alama yake ya biashara, zaidi ya watu laki moja walitia saini pingamizi mtandaoni mwishoni mwa mwaka 2018, na hasira ile ilikuwa halali. Lakini ni wangapi kati yetu tunaotazama filamu na tamthilia zetu wenyewe, tukasikia chini ya kilio cha mhusika muziki uliochotwa mtandaoni bila ruhusa wala jina, na tukakasirika?

Basi nina mapendekezo, maana lawama bila pendekezo ni kelele. Bodi ya Filamu Tanzania na COSOTA, na wenzao wa Kenya, KFCB na KECOBO, wadai kwamba kila filamu na tamthilia inayopewa kibali iambatane na orodha ya muziki wake wote: nani alitunga, nani alipiga, umetoka wapi. Orodha za namna hiyo si ngeni duniani. Ndizo zinazotumika kugawia mirabaha. Mimi nataka zaidi: orodha hiyo itaje pia muziki wa muda uliotumika kumwelekeza mtunzi, mwishoni mwa filamu, kwa herufi zinazosomeka, kama sisi tunavyodai marejeo mwishoni mwa tasnifu. Mwongozaji aliyesema "nataka kitu kama hiki" aseme hadharani "hiki" ni kipi. Na kila aliyeandika muziki aandikwe, hata kama ameandika dakika mbili. Haya hayahitaji bajeti ya matrilioni. Yanahitaji mtumishi mmoja mwenye fomu, na ujasiri wa kurudisha faili lisilokamilika.

Narudi kwa kijana wangu. Nimempa sifuri kwa ile sura, na nimempa mwezi mmoja aiandike upya. Nilimweleza hivi: huyo unayemtaja hukumuiga, kwa maana yeye alichukua lugha ya Holst akaitungia sentensi, na bado ametuhumiwa, wewe umechukua sentensi zenyewe. Uliyemnakili si kampuni ya Hollywood, bali ni mwanafunzi kama wewe, wa chuo cha mkoani, asiye na wakili wala taasisi ya kusimamia urithi wake. Ulimchagua kwa sababu ulijua hatakuja kudai. Ulimfanyia yeye kile ambacho Linda alifanyiwa.

Alinyamaza, akainama. Kisha akauliza kama anaweza kumtafuta yule mwanafunzi wa mkoani amwombe radhi, na kama anaruhusiwa kuutumia utafiti wake kwa kumtaja. Nikamwambia hilo ndilo nililokuwa nikilisubiri tangu aingie.

Nawasilisha.